Dawa Zikaushazo Mwili, na Macho ya Mwuguzi

Maneno ya hotuba kwa wauguzi, na kwa wote watunzao wagonjwa

Wasikilizaji, watu wengi wa pwani ya Afrika ya Mashariki waujua mmea uitwao mnanaha. Ua lake ni refu mfano wa tarumbeta, na tunda lake lina miiba. Wazee huwakataza watoto kuuchezea, na wana haki, kwa maana alaye mbegu zake hukauka kinywa, macho yake huona ukungu, hupayuka maneno yasiyo na maana, na pengine hufa. Lakini ndani ya mmea huo, na ndani ya jamaa zake wa nchi nyingine, mna atropini, nayo ni dawa iliyowaokoa watu wengi hospitalini. Basi jambo la kushikwa katika hotuba hii ni hili: nguvu iponyayo na nguvu idhuruyo ni moja, na katikati yake amesimama mwuguzi.

Jinsi zifanyavyo kazi

Moyo hupiga, matumbo husukuma chakula, mate na jasho hutoka, wala mwenyewe hakuamuru. Kazi hizo huongozwa na mishipa ya fahamu. Kwa muda mrefu wataalamu walibishana jinsi mshipa upelekavyo amri yake. Mwaka 1921, katika mji wa Graz nchini Austria, Otto Loewi alichukua mioyo miwili ya vyura. Aliusisimua mshipa upunguzao mapigo ya moyo wa kwanza, na moyo huo ukapiga polepole. Kisha akayatwaa maji ya chumvi yaliyokuwa ndani yake, akayatia katika moyo wa pili. Huo nao ukapunguza mwendo, ingawa mshipa wake haukuguswa. Ndipo ilipofahamika kwamba mshipa hutoa kitu kilicho kama mjumbe. Mjumbe huyo huitwa asetilikolini. Mwaka 1936 Loewi alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale wa Uingereza.

Asetilikolini hufanya kazi kama ufunguo katika kufuli. Ikiingia mahali pake, mate hutoka, makamasi ya kifuani huzidi, moyo hupunguza mwendo, matumbo na kibofu hujikaza, na mboni ya jicho huwa ndogo. Atropini ni kama ufunguo uingiao katika kufuli ile ile bila kuzunguka. Maadamu umo, ufunguo wa haki hauna nafasi. Kwa hiyo mambo hugeuka: kinywa hukauka, kifua hukauka, moyo huenda mbio, matumbo na kibofu hulegea, na mboni hupanuka.

Atropini inao ndugu zake. Haiosini huzuia kichefuchefu cha safarini, na namna yake moja hutuliza msokoto wa tumbo. Ipratropiamu huvutwa kwa pumzi ili kuipanua njia ya hewa ya mwenye pumu. Oksibutinini humsaidia mtu ambaye kibofu chake hakimpi raha. Triheksifenidili hupewa mgonjwa aliyekakamaa viungo kwa sababu ya dawa za ugonjwa wa akili. Tena ziko dawa nyingine, kama baadhi ya zile za mafua na za kuleta usingizi, ambazo zina nguvu hii hii ingawa hazikutengenezwa kwa ajili hiyo. Hivyo mgonjwa aweza kumeza tatu kwa pamoja bila kujua kwamba ni za jamaa moja.

Mkulima aliyepatwa na sumu

Hakuna mahali ambapo kazi ya dawa hii huonekana wazi kuliko penye sumu ya wadudu. Tuseme kwamba mkulima amenyunyizia nyanya zake dawa ya jamii ya oganofosfeti, bila kuvaa glavu, na upepo ukamrudishia. Dawa hiyo hukizuia kile kimeng'enya ambacho kazi yake ni kumwondoa mjumbe amalizapo kazi. Basi wajumbe hujaa pasipo kiasi. Mkulima hutokwa na mate na jasho, hutapika, huharisha, mboni zake huwa ndogo mno, na kifua chake hujaa maji hata akakoroma. Mtu huyo aweza kufa kama mtu azamaye, naye yuko nchi kavu.

Kwanza avuliwe nguo, aoshwe mwili mzima kwa sabuni na maji mengi, na amwoshaye avae glavu asije akapatwa naye. Asitapishwe. Alazwe kwa ubavu, njia yake ya hewa iwe wazi, apewe oksijeni ikiwapo, naye apelekwe hospitali upesi. Huko daktari au mwenye ruhusa huamuru atropini kwa sindano ya mshipani. Mtu mzima huanzishwa kwa miligramu 1 hadi 3, na kila baada ya dakika 5, ikiwa hali haikuwa njema, kipimo huongezwa mara mbili.

Hapo ndipo mwuguzi huwa kama nahodha. Yampasa kusikiliza kifua, kuhesabu mapigo na kupima nguvu ya damu. Alama anazozitafuta ni kifua kilichokauka, mapigo zaidi ya 80 kwa dakika, na kipimo cha juu cha damu kupita 80. Asidanganywe na mboni za macho peke yake, wala na mapigo peke yake. Kifua ndicho kikuu. Tena akumbuke kwamba atropini haiponyi udhaifu wa misuli. Mgonjwa aliyekwisha kukauka kifua aweza bado kushindwa kuvuta pumzi, hata baada ya siku kadhaa, naye huhitaji mashine ya kumpumulisha. Kwa hiyo asiachwe peke yake usiku.

Na mwuguzi yule yule achunge kipimo kisipite. Mgonjwa akianza kupata homa, akaweweseka na kushikashika hewani, na tumbo lake likawa kimya lisisikike likitembea, atropini imezidi. Aliyeamuru dawa aitwe mara moja, ili isimamishwe, kisha irudishwe kwa kipimo kidogo.

Mambo ya kila siku wodini

Wagonjwa wengi hawakupatwa na sumu. Humeza vidonge tu. Hata hivyo kukauka huwafikia, na kila taabu ina matunzo yake.

Kinywa kikikauka, mgonjwa apewe maji kidogo kidogo ikiwa ameruhusiwa kunywa, na meno yasuguliwe, kwa maana kinywa kisicho na mate huoza meno. Choo kikiwa kigumu, apewe maji, matunda na mboga, naye atembezwe. Mkojo uangaliwe sana. Mzee asemaye kwamba hajakojoa tangu asubuhi, na tumbo lake la chini limevimba na kuuma, asiambiwe angoje. Kibofu chake kimejaa, na habari hiyo impasa daktari.

Asiyetoka jasho hawezi kujipoza. Mtoto apewaye dawa hizi asivikwe blanketi nzito wala kuachwa juani. Kwa watu weusi wekundu wa ngozi hauonekani kwa urahisi, kwa hiyo mwuguzi atumie mkono wake: ngozi ya moto na kavu ni onyo. Mtu aonaye ukungu asiendeshe gari wala mashine.

Wazee ndio wa kuangaliwa kuliko wote. Mzee aliyelala mwenye akili timamu, akaamka hamjui mwanawe, asidhaniwe upesi kuwa ni uzee au kuwa amerogwa. Kwanza iulizwe ni dawa zipi alizopewa. Mara nyingi kupunguza dawa, kwa amri ya daktari, humrudishia akili yake.

Kabla ya kutoa dawa hizi, mwuguzi aulize kama mgonjwa ana ugonjwa wa jicho uitwao glakoma, au taabu ya kukojoa kwa kuvimba tezi ya kiume, au ugonjwa wa moyo kwenda mbio. Jibu likiwa ndiyo, asitoe kabla ya kumwarifu daktari.

Neno la mwisho

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Lakini atumiaye moto kuuzima moto hukesha akiutazama. Triheksifenidili haifai kununuliwa kando ya njia na vijana watafutao ulevi, wala mnanaha haufai kuchemshwa na mtu asiyejua kipimo, kwa maana nguvu ya mmea mmoja si sawa na ya mwenziwe. Watunzao wagonjwa nyumbani na wazilete hospitalini dawa zote za mgonjwa katika mfuko mmoja, hata zile za dukani na za miti shamba, bila kuficha hata moja. Na mwuguzi azipokee bila kukemea, azisome moja moja. Maana huenda ndani ya mfuko huo ndimo lilimo jibu la maradhi yake.