Baada ya Nyota: Ukaguzi wa Ubora na Usalama katika Zahanati Zetu



Utangulizi

Kwa Mtanzania wa kijijini, zahanati ndiyo mahali pa kwanza pa kukimbilia mtoto anapopandwa na homa au mama anaposhikwa na uchungu. Ndiyo maana ukaguzi wa zahanati ni suala la uhai. Hoja yangu leo ni moja: thamani ya ukaguzi hupimwa kwa kasoro zilizoondolewa kabla wakaguzi hawajarudi tena.

1. Tulikotoka

Mwaka 2015, chini ya mpango wa Serikali wa Matokeo Makubwa Sasa, Wizara ya Afya ilianza kupima vituo vya ngazi ya msingi na kuvipa nyota, kuanzia sifuri hadi tano. Vituo karibu 7,000, vya umma na vya binafsi, vilipitiwa. Takriban asilimia 34 ya vituo hivyo havikupata hata nyota moja, na ni asilimia 2 tu vilivyofikia nyota tatu au zaidi. Lengo lilikuwa kwamba ifikapo Juni 2018, asilimia 80 ya vituo viwe na nyota tatu kwenda juu.

Awamu ya pili, ya mwaka 2017/18, ilionyesha kuwa vituo visivyo na nyota vimeshuka hadi kama asilimia 4, na vyenye nyota tatu au zaidi vimepanda hadi kama asilimia 20. Lengo halikufikiwa. Hata hivyo, hatua ile ilikuwa kubwa, na ilipatikana kwa sababu vituo viliandaliwa mipango ya kuboresha huduma baada ya kupimwa.

2. Kukagua kwa macho na mikono

Dodoso la ukaguzi lina kisanduku cha kuweka alama ya vema, na hapo ndipo mtego ulipo. Tuchukue mifano miwili.

Wa kwanza ni jokofu la chanjo. Joto lake linatakiwa liwe kati ya nyuzi 2 na 8, na lisomwe na kuandikwa asubuhi na jioni, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Mkaguzi akikuta fomu ya mwezi mzima imejazwa namba ileile, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, asiweke vema akaondoka. Afungue jokofu, asome kipimajoto mwenyewe, aulize umeme ulikatika lini na chanjo zilipelekwa wapi. Aangalie pia kama oksitosini, dawa ya kuzuia mama asivuje damu baada ya kujifungua, imehifadhiwa kwenye ubaridi. Dawa hiyo ikikaa kwenye joto hupungua nguvu, na mama anaweza kupoteza maisha ilhali leja inaonyesha kuwa dawa ipo.

Wa pili ni kifaa cha kumpumulisha mtoto mchanga. Mtoto asiyepumua baada ya kuzaliwa anahitaji kusaidiwa ndani ya dakika ya kwanza. Kuuliza "Mnacho?" hakutoshi. Mwombe muuguzi wa zamu akilete na aonyeshe kinavyotumika. Kama kabati limefungwa na ufunguo uko kwa mtumishi aliyekwenda mjini, zahanati hiyo haina kifaa, hata kama kimeorodheshwa kwenye daftari la vifaa.

Vivyo hivyo kwa maji ya kunawia mikono katika chumba cha kujifungulia, na kwa sanduku la sindano zilizotumika, ambalo hufungwa likijaa robo tatu.

3. Kasoro ni ya nani?

Ripoti nyingi huorodhesha kasoro zote mahali pamoja: ufunguo uliopotea, paa linalovuja, upungufu wa watumishi. Mganga mfawidhi akiisoma, hukata tamaa. Kila kasoro ipewe mwenyewe. Ufunguo ni wa zahanati, na upatikane siku hiyohiyo. Paa ni la kamati na halmashauri. Watumishi ni suala la halmashauri na Serikali Kuu, na si haki kumlaumu kwa hilo muuguzi anayefanya kazi ya watu watatu.

Katika mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zilianza kupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo. Kwa hiyo kamati ya zahanati ina nafasi ya kweli ya kuamua kipi kianze kutengenezwa. Mjumbe asiyejua matokeo ya ukaguzi atapangaje matumizi ya fedha hizo?

4. Mapendekezo

(a) Kabla timu ya ukaguzi ya halmashauri haijaondoka, ikae na watumishi na wajumbe wa kamati na kuwasomea matokeo kwa Kiswahili chepesi.

(b) Kila kasoro iandikiwe hatua ya kuchukuliwa, mhusika na tarehe ya mwisho.

(c) Ziara inayofuata ianze na orodha ya kasoro za ziara iliyopita.

(d) Baadhi ya ziara zifanyike bila taarifa, na nyingine usiku, kwa kuwa wanawake wengi hujifungua usiku.

(e) Matokeo yabandikwe ubaoni na yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji.

(f) Mtumishi anayefichua hatari alindwe na kupongezwa. Akiadhibiwa, wenzake watajifunza kuficha.

5. Hitimisho

Ndugu washiriki, uwezo wa kurekebisha sehemu kubwa ya kasoro hizi tunao wenyewe. Nawaomba kila mmoja, akirudi kituoni kwake, atafute ripoti ya ukaguzi wa mwisho, aisome pamoja na wenzake, na achague kasoro tatu za kumaliza mwezi huu. Waganga wakuu wa wilaya mliopo hapa, wafuatilieni hadi zimalizike.