CHOKAA KATIKA DAMU YA MTOTO MCHANGA
(Maneno waliyoambiwa wanachama wa Kitale na Bungoma)



Mtoto mchanga akitetemeka au kukakamaa, wengi wetu husema ni degedege, tukatafuta mizizi. Huenda madini ya chokaa, yaani kalsiamu, yamepungua katika damu yake. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, damu ipimwe.

Aliye hatarini ni mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, maana chokaa nyingi humfikia katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Pia aliyechelewa kulia alipozaliwa, na yule ambaye mama yake ana ugonjwa wa sukari. Hao huonyesha dalili siku mbili tatu za kwanza.

Lakini liko jambo linalotuhusu sisi hasa: maziwa ya ng'ombe. Huku kwetu yapo tele, na mama akirudi shambani mapema, mtoto huachiwa kikombe. Maziwa hayo yana chokaa nyingi, ajabu, ila fosforasi yake imezidi. Figo changa haziwezi kuitoa, nayo huishusha chokaa ya damu. Dalili huja baada ya juma la kwanza. Mtoto anyonye mama yake tu.

Anyonyeje, mama yuko kazini? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa likizo ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Kibarua aliyefanya kazi mwezi mzima mfululizo, naye hahesabiwi tena kuwa wa siku kwa siku. Aliyenyimwa amwone katibu wa tawi, aje na kadi yake ya kliniki.