Nani Aliivaa? Nishani za Vita Zilizorithiwa na Fomu Zinazozipokea



Nimeombwa nieleze namna ya kufuatilia habari za watu waliozivaa nishani ambazo warithi hutuletea sisi watunza makumbusho na nyaraka.  Nitakayoyasema ni maoni yangu, si msimamo wa taasisi yoyote.

Maana ya maneno

Nishani ni pambo atunukiwalo mtu kwa utumishi au ushujaa. Utepe ni kitambaa kinachoishikilia kifuani. Mrithi ni yule iliyomfikia baada ya mwenyewe kufariki. Keya ni KAR (King's African Rifles), jeshi lililoundwa mwaka 1902, au askari wake, na sidhani kama humu ukumbini yuko asiyekuwa na babu, au jirani wa babu, aliyekuwa keya. Haya yamo katika kila kitini. Tusonge mbele.

Kinachosomeka na kisichosomeka

Nishani nyingi za Waingereza za Vita Kuu ya Kwanza zilichapwa ukingoni namba, jina na kikosi, kwa hiyo mtafiti anaanza na mtu. Simaanishi kwamba wote waliandikwa. Wabeba mizigo walioiachia Kariakoo jina lake, wengi wao hawakupata hata mstari. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hivyo, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na huenda baadhi hawakukumbukwa kabisa.

Vita Kuu ya Pili imetuachia tatizo jingine. India na Afrika Kusini zilichapa majina kwenye nishani za askari wao. Nishani za umbo la nyota walizopewa keya hazikuchapwa. Mbele kuna ncha sita, herufi za mfalme na jina la vita. Geuza nyuma, patupu. Na kwa kuwa wakusanyaji wa Ulaya hulipa zaidi kwa nishani yenye jina, hii isiyo na jina haina wa kuihangaikia ila sisi. Sisi nasi tunaipokea kwa fomu.

Kopo la biskuti

Mwaka 2011 mama mmoja alifika ofisini na kopo la biskuti lililofungwa kwa ukili. Baada ya shikamoo akaliweka mezani. "Mwanangu, hii ya baba. Msiitupe." Ndani mlikuwa na nyota ya Burma, utepe wake wa buluu na wekundu umefifia hadi kukaribia rangi ya chai, pini iliyopinda, na sindano ya kushonea magunia.

Nikauliza baba alikuwa akisimulia nini. Hakusimulia, ukimuuliza alikuwa mkali. Jina lake kamili? Akanipa matatu: la jandoni, la msikitini, na la serikali, na hilo la serikali hakuwa na hakika nalo. Ndivyo ilivyo kwa keya wengi. Karani wa kuandikisha aliandika alichosikia, na wako walioingia jeshini kwa jina la kuazima ili baba au jumbe asiwafuate. Basi hata tungekuwa na daftari la jeshi mbele yetu, tusingejua tutafute nani.

Nina mazoea ya kuuliza shamba la marehemu liliitwaje. Mama akaziba mdomo kwa kanga, akacheka. "Kalewa. Watu walidhani baba mlevi, naye hata togwa lililochachuka hanywi!"

Mwenyekiti, nilisimama. Kalewa ni mji mdogo kando ya mto Chindwin, Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw katika mvua za mwaka 1944, ikipambana na Wajapani, matope na malaria kwa pamoja, na Desemba mwaka huo ikaingia Kalewa. Batalioni za Tanganyika katika divisheni hiyo zilikuwa ya 26 na ya 36. Huenda mzee alikuwa dereva au mpishi, nisije nikanukuliwa vibaya. Hata hivyo, kwa neno moja ambalo kijiji kizima kilidhani ni la ulevi, tulitoka kwenye jeshi zima tukafika kwenye divisheni moja, mto mmoja, mwezi mmoja.

Nikatafuta pa kuliandika. Fomu ya kupokelea ina visanduku kumi na vinne. Kuna jina la mtoaji, anwani ya mtoaji, simu ya mtoaji, saini ya mtoaji. Aliyeivaa hana kisanduku. Nilibana Kalewa kwenye "Maelezo mengineyo", nafasi ya upana wa vidole viwili. Lebo ilipotoka ilisomeka: nishani, Vita Kuu ya Pili, imetolewa na familia. Aliyeiandika hana kosa, alinakili fomu. Mama alirudi na wajukuu, akaomba asomewe, akauliza, "Baba yuko wapi hapo?"

Tangu hapo nimeandika barua tano kuomba kisanduku kimoja. Moja ilijibiwa kwamba pendekezo linafanyiwa kazi. Nyingine ilinitaka niwasilishe makadirio ya gharama. Simlaumu mtu, fomu hupita kwenye kamati, na kamati zina shughuli nyingi. Lakini gharama ya mstari mmoja wa wino hadi leo sijaweza kuikadiria.

Mapendekezo

Kwanza, fomu iongezwe kisanduku cha aliyeivaa, chenye nafasi ya majina yake yote, hata matano. Pili, kopo lisitenganishwe na kilichomo. Sindano ile ya magunia ni sehemu ya nishani. Tatu, warithi waombwe kwa adabu wasisugue kwa limau na majivu, maana kwa nishani za vita vya kwanza kusugua hula jina la ukingoni, na hilo likifutika halirudi. Nne, waulizwe mabibi na mabinti kabla ya wajomba. Wajomba hutoa vyeo, tena vikubwa kuliko alivyopata marehemu; mabibi hutoa majina ya mashamba, mbuzi na watoto. Tano, majina hayo yaandikwe hata yakionekana ya mzaha, na yaandikwe kwenye kisanduku, si pembeni.

Sita, mrithi aambiwe mapema kwamba hatumletei fidia. Malipo ya kuagwa jeshini yalitofautishwa kwa rangi ya ngozi, uchungu huo bado umo majumbani, na tukinyamaza tunapanda matumaini ya uongo. Saba, vijana wetu wapelekwe kwenye Kumbukumbu za Taifa wasome gazeti la Mambo Leo la miaka ya vita, ukurasa kwa ukurasa. Nane, mrithi apewe nakala ya yote aliyotusimulia, ikiwa na jina la aliyeivaa juu kabisa.

La tisa ni lile la kwanza. Sikusahau kwamba nimeshalisema.

Nakala thelathini za fomu ziko mezani kando ya chupa za chai. Kisanduku cha kumi na tano nimekichora mwenyewe kwa rula.