Kuchapa na Kuuza Picha Tulizozichora Wenyewe

Maneno ya kikundi cha wachapaji picha, yaliyosomwa na mwalimu wao katika Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni, hapa Dzaleka



Tumepewa dakika kumi, nasi tuna mambo matatu ya kusema: jinsi picha inavyochapwa, jinsi inavyouzwa, na kosa tulilolifanya sisi wenyewe. Hilo la tatu ndilo lililotufanya tuombe nafasi leo.

Kazi hii ilianzia darasani. Sisi tuliopita chuo cha ualimu tulifundishwa kutengeneza vifaa vya kufundishia bila fedha. Unakata kiazi, unachonga herufi, unachovya katika rangi, unagandamiza kwenye karatasi. Mhuri mmoja wa kiazi unahudumia darasa zima. Kutoka kwenye kiazi tukahamia kwenye ubao laini, kisha kwenye linoliamu, yaani lile tandiko la kufunika sakafu.

Namna yake ni hii. Unachora picha juu ya kibao, halafu unachimba sehemu zote usizotaka zipate wino. Kinachobaki juu ndicho kitakachochapa. Visu vyetu ni mbavu za miavuli iliyokufa, tulizozinoa kwenye jiwe na kuzitia mpini. Wino unapakwa kwa rola, karatasi inalazwa juu yake, kisha unasugua mgongoni kwa kijiko, polepole, bila kuisogeza. Wino wa mafuta huchukua siku kadhaa kukauka, kwa hiyo picha tunazianika kwenye kamba ndani ya nyumba, mbali na vumbi na kuku.

Jambo moja linawashinda wengi mwanzoni: kila kitu hutoka kikiwa kimegeuka, kushoto kuwa kulia. Picha yetu ya kwanza ilikuwa ya njiwa, na chini yake tulichonga neno AMANI. Tulipoinua karatasi tukasoma INAMA. Tulicheka sana, lakini mzee mmoja hakucheka. Alisema, "Hilo neno la pili ndilo tulilolizoea." Tangu siku hiyo kila maandishi tunayapitisha kwanza mbele ya kioo.

Sasa kuhusu kuuza. Picha iliyochorwa kwa mkono ni moja; ukiiuza imekwenda. Kibao kinakupa nakala nyingi, na kila moja ni kazi halisi ya mkono wako. Ndiyo maana wachapaji wa dunia nzima wana desturi yao. Unaamua mapema idadi ya nakala. Chini ya kila moja unaandika kwa penseli: kushoto namba, kama 4/20, maana yake ni nakala ya nne kati ya ishirini, katikati jina la picha, kulia sahihi yako. Mnunuzi analipia picha, na pia analipia ahadi kwamba hakutakuwa na ya ishirini na moja.

Bei nayo ihesabiwe. Tuseme karatasi 25, wino na nauli vimegharimu kwacha 40,000, na karatasi 5 zimeharibika. Gawanya kwa 20, si kwa 25: kila nakala imekula kwacha 2,000 kabla hujahesabu siku zako za kuchonga. Anayeuza kwa 2,000 amefanya kazi bure.

Tusidhani pia kwamba kazi hii ni ya watu wenye nchi tulivu na mashine kubwa. John Muafangejo alizaliwa kusini mwa Angola mwaka 1943, akavuka mpaka kwenda Namibia akiwa kijana, akajifunza uchapaji huko Rorke's Drift, Afrika Kusini. Alichonga linoliamu, tena akichonga na maneno ndani ya picha, hadi alipofariki mwaka 1987. Picha zake zimefika katika nchi nyingi. Nasi tunajua hapa kwamba karatasi hupita vizuizi ambavyo mchoraji wake hapitishwi bila kibali.

Sasa kosa letu. Mwaka jana tulichonga picha ya mashua inayovuka Ziwa Tanganyika usiku. Wengi wenu mlikuwamo katika mashua kama ile. Tuliandika nakala 20, zikaisha upesi. Mgao ulikuwa mdogo, watoto wanadaiwa madaftari, na wateja bado wanauliza. Tukachapa nyingine 11, tukazipa namba zilezile.

Mteja mmoja, mfanyakazi wa shirika, alikuta 4/20 ukutani kwa mwenzake, naye anayo 4/20 nyumbani kwake. Hakupiga kelele. Alizileta zote mbili, akaziweka mezani, akauliza, "Ipi ni yangu?" Hatukuwa na jibu.

Waliotushauri tunyamaze walisema: sisi ni wakimbizi, watatusamehe. Lakini miezi michache kabla yake sisi wenyewe tulikuwa tumelalamika. Mgeni alinunua mchoro wetu mmoja, baadaye tukauona umechapwa kwenye kalenda bila kuulizwa. Tulisema ni haki yetu, na ni kweli. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, kifungu cha 14, unasema mkimbizi apewe, katika nchi anakokaa, ulinzi uleule wa kazi zake za sanaa wanaoupata raia wa nchi hiyo. Hatuna shamba wala hati ya nyumba hapa, lakini mchoro ni mali yetu. Basi tutadai vipi wengine waheshimu sahihi yetu, wakati sisi tumeidanganyia?

Tumewarudishia fedha wanunuzi saba tuliowapata. Wengine walikwisha kuhama. Sasa kila nakala inaandikwa katika daftari: namba, tarehe, mnunuzi, bei. Daftari hilo liko wazi kwa yeyote.

Tuna maombi matatu. Ndugu wafanyakazi wa mashirika, msituombe picha za bure kwa ajili ya ofisi na ripoti. Tena kununua karatasi si kununua ruhusa ya kuichapa upya. Tuulizeni, tuandikiane. Ndugu wachoraji, usichonge uso wa jirani wala msiba wake kabla ya kumwomba. Wazazi, waleteni vijana, wasichana pia. Visu vipo vya kuazima.

Mwisho, kibao cha mashua hiki hapa. Desturi ni kukikata mistari miwili ya kupishana ili kisichape tena. Tulipaswa kufanya hivyo mwaka jana. Tunamwomba Mwenyekiti ashike kisu, nanyi muwe mashahidi. Kisha tutachapa nakala moja yenye mikato hiyo, isiyouzwa, ibaki ukutani katika ofisi ya Kamati.