Fedha ya Chai na Chakula cha Mtoto
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Tangu KTDA ilipoundwa mwaka 1964, wakulima wadogo wa Kisii na Nyamira wamejenga nyumba na kulipa karo kwa fedha ya majani ya chai. Je, mtoto mchanga ameonja faida hiyo?

Umaskini hudumaza watoto. Hilo halina shaka. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2014 ulikuta watoto 26 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Ule wa 2022 ulikuta 18, na nyumba maskini ndizo zilizoathirika zaidi. Hata hivyo, fedha peke yake haipiki uji. Malipo ya chai huja kwa mwezi, na bonasi mara moja kwa mwaka. Tumbo la mtoto hudai kila siku. Shamba dogo likijaa chai lote, wimbi, maharagwe na chinsaga hununuliwa sokoni. Tena mama achumaye tangu alfajiri, mara nyingi jina lake halimo katika daftari la malipo.

Basi naomba mambo matatu: kila boma libakize kipande cha mboga na maharagwe, maziwa na mayai yasiuzwe kabla mtoto hajapata fungu lake, na siku ya bonasi, mume na mke waketi pamoja kuhesabu.

Mwakani, tutakapohesabu kilo za majani, tuhesabu pia kilo za watoto wetu.