Vikombe Vinane vya Chai: Msingi wa Takwimu za Kuhitimisha katika Saikolojia



Nimesahihisha tasnifu nyingi zenye sentensi hii: "p ni 0.03, kwa hiyo nadharia tete yangu ni kweli kwa asilimia 97." Hesabu ni sawa, maana yake imepotoka. Mada yangu inaanzia kwenye kosa hilo.

Miaka ya 1920, katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, Muriel Bristol, mtaalamu wa mwani, alidai kwamba akionja chai anajua kama kikombeni yalitangulia maziwa au ilitangulia chai. (Sisi tunaochemsha vyote sufuria moja, ubishi huo hautuhusu.) Mwanatakwimu wa pale, Ronald Fisher, alilijengea dai hilo jaribio, akalieleza kitabuni mwaka 1935. Ni vikombe 8, nusu vya maziwa kwanza, vinapangwa kwa bahati nasibu. Mwonjaji ateue vinne hivyo.

Njia za kuteua vinne katika vinane ni 70, na iliyo sahihi ni moja. Asiyejua lolote atapatia vyote mara 1 kati ya 70, yaani 0.014. Hiyo ndiyo p. Tunaanza kwa kusema "tuchukulie hajui kitu", ambayo ndiyo nadharia tete sifuri, kisha tunauliza: kama ni hivyo, matokeo ya namna hii yangetokea kwa nadra kiasi gani? Uwezekano kwamba kweli anajua hatujaugusa kabisa.

Sasa apatie vitatu tu kati ya vinne. Njia za kufika hapo au kupita hapo ni 17, na p inaruka hadi 0.24. Na tungempa vikombe 6, hata akipatia vyote, p ingekuwa 1 kati ya 20, yaani 0.05 kamili, isingeshuka chini ya kiwango cha 0.05 kilichozoeleka. Sampuli ndogo humnyima haki hata mwenye ujuzi.

Hatari kubwa zaidi ni kuchungulia matokeo kabla jaribio halijaisha. Mwaka 2011 watafiti Simmons, Nelson na Simonsohn walionyesha, kwa p ya 0.040, kwamba kusikiliza wimbo wa Beatles kulipunguza umri wa wanafunzi kwa zaidi ya mwaka mmoja! Walikusudia kichekesho hicho. Walikuwa wakipima, wakichungulia, wakiongeza watu, wakichagua vigezo vya kuripoti. Miaka minne baadaye tafiti 100 za saikolojia ziliporudiwa, zilizofikia kiwango cha 0.05 zilishuka kutoka asilimia 97 hadi 36. Siamini wenzetu waliofanya tafiti hizo za awali walikuwa waongo. Wengi, nadhani, walichungulia tu.

Kwa mapumziko nimeomba chai ya rangi, maziwa pembeni, na vikombe vinane visivyo na alama. Anayejitolea kuonja aandike kwanza, kabla hajagusa kikombe, ni vingapi akikosea tutasema hajui.