Maua ya Salvia kwa Kiangazi na Vuli



Leo tunazungumza habari za maua. Najua kuna atakayesema, "Jamani, maua hayaliwi! Tuzungumze mahindi." Ni kweli, hayaliwi. Lakini kila mtu hupenda nyumbani kwake papendeze. Shida ya maua ni maji. Mwezi wa Septemba kisima kimepungua. Ndoo moja inangojewa na watoto, mbuzi na chungu cha jikoni. Maua nayo yakidai maji, anayeumia ni mama anayebeba ndoo kichwani. Kwa hiyo tunasema hivi: kabla ya kuchagua rangi, tazama kwanza ndoo yako.

Leo tumechagua maua yaitwayo salvia. Salvia ni ndugu wa mrehani. Shika shina lake, utaona lina pembe nne kama la mrehani. Duniani ziko aina zaidi ya 900. Hata chia, inayolimwa Kenya, Uganda na Tanzania kwa ajili ya mbegu zake, ni salvia. Huko Uingereza watu hupanda salvia za mapambo ili wapate rangi wakati wa kiangazi na vuli yao. Baridi kali ikija, nyingi hufa. Sisi wa Lushoto na miteremko ya Kilimanjaro tuna bahati. Baadhi ya salvia zaweza kuishi kwetu miaka kadhaa. Ila ndugu wa Njombe na Makete wajihadhari na sakitu ya mwezi wa Juni na Julai. Wapande karibu na ukuta wa nyumba.

Haya, sasa tuchague. Majina ni ya kigeni. Yasome polepole, silabi kwa silabi, maana ndiyo yanayoandikwa kwenye pakiti za mbegu.

Ya kwanza ni splendens. Asili yake ni Brazil. Ni fupi, na maua yake ni mekundu kama moto, yamesongamana. Ndiyo tunayoiona mara nyingi mbele ya maofisi. Inapendeza kweli, lakini inataka maji mara kwa mara, na jua kali la mchana huinyausha. Kama una bomba karibu, panda. Kama maji unayafuata mbali, iache.

Ya pili ni coccinea. Hii nayo ni nyekundu, ila maua yake yameachana kwenye shina. Hustahimili jua. Ukipanda mbegu, baada ya miezi miwili au mitatu hivi unaona maua. Ndege aitwaye chozi huyapenda sana, huja kunyonya utamu wake. Lakini angalia: hudondosha mbegu na kujiotesha yenyewe. Miche iliyozidi ing'oe mapema, isije ikaingia shambani.

Ya tatu ni farinacea. Rangi yake ni bluu. Asili yake ni Mexico na Texas, nchi za joto, kwa hiyo haiogopi jua. Nyuki huipenda mno. Basi usiipande mlangoni wanapochezea watoto. Ipande karibu na bustani ya maboga. Maboga hayazai bila wadudu wa kuchukua chavua kutoka ua dume kwenda ua jike. Nyuki wakiifuata salvia, watapita na kwenye maboga yako.

Ya nne ni leucantha. Maua yake ni ya zambarau na meupe, laini kama mahameli. Kichaka chake hupita mita moja kwa urefu, kwa hiyo kipe nafasi. Ikishashika mizizi, hustahimili ukame vizuri. Na hii huhitaji kununua mbegu. Mwombe jirani tawi.

Tawi hilo hupandwaje? Kata kipande cha sentimita 10, chini kidogo ya kifundo. Ondoa majani ya chini. Kichomeke kwenye mchanga uliochanganywa na udongo, ukiweke kivulini na kukinyunyizia maji. Baada ya wiki 3 au 4 hivi kitakuwa na mizizi.

Wakati wa kupanda nao ni muhimu. Wenye masika na vuli wapande Machi au Aprili, ili mizizi ishuke chini kabla ya kiangazi. Kwenu Mbeya na Njombe, mvua huanza Novemba, basi pandeni ardhi ikishalowa. Mbegu zisifukiwe sana, udongo kidogo tu juu yake. Zungushia miti ya miiba, maana kuku huparua. Shinani tandaza majani makavu, ili unyevu usipotee upesi. Maji ya kuoshea mboga yasimwagwe ovyo, yapelekwe kwenye maua.

Maua ya kwanza yakinyauka, usidhani kazi imekwisha. Kata matawi, upunguze theluthi moja. Mvua za vuli zikifika, yatachipua na kutoa maua tena.

Jambo la mwisho ni dukani. Usinunue mbegu kwa kuvutiwa na picha tu. Geuza pakiti, usome. Mmea utakuwa na urefu gani? Unataka jua au kivuli? Mbegu mwisho wake lini? Mbegu za zamani haziti vizuri, na fedha yako haitarudi. Kujua kusoma kwetu kutusaidie hapo hapo.

Kwa hiyo, mwenye maji mengi achague atakavyo. Mwenye ndoo moja achague leucantha, farinacea au coccinea. Miche michache inatosha kuanzia. Nyumba itapendeza, na mama hataongezewa safari ya kisimani.